Mteremko wa Grini ya Saba

Jirani yangu hapa Kambarage ni fundi pikipiki. Jioni humwaga oili chafu kwenye uwanja wake ili kutuliza vumbi, na harufu ile ikishapenya dirishani mimi hufunika sufuria na kutoka nje. Wanangu husema mama yao ana ugomvi na oili. Upo, ila sijawahi kuwasimulia.

Nilikulia upande wa Geita, jirani na uwanja wa gofu wa mabwana wa migodini. Maji yalikuwa ya shida, kwa hiyo nyasi laini hazikustawi. Pale penye shimo la kuingizia mpira, wachezaji walipopaita grini, palitandazwa mchanga uliochanganywa na oili chafu, ukasawazishwa kwa kipande cha bomba chenye mpini. Kazi hiyo ilikuwa ya baba. Alirudi nyumbani akinuka gereji, na mama hakumruhusu hata kuegemea mto kabla hajaoga.

Siku moja klabu ilimleta mchoraji wa viwanja, mzee mgeni mwenye kofia pana, aje auchore upya uwanja ambao wachezaji walikuwa wameuchoka. Sisi watoto tulimwita Bwana Vilima, kwa maana popote alipokuta tambarare aliweka kilima. Baba alimfuata kutwa nzima na jioni alitusimulia kama mtu aliyetoka kanisani. Kiwanja kizuri, alisema, humuuliza mchezaji swali. Weka shimo karibu na hatari, halafu acha njia ndefu kwa mwoga na njia fupi kwa jasiri. Macho yaone tambarare, mpira ndio ugundue mteremko.

Grini ya saba ilikuwa kipenzi cha Bwana Vilima. Aliiweka juu ya tuta, karibu na uzio. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na maduara ya wachimbaji wadogo, yale mashimo membamba wanayoshukia kwa kamba kuufuata mwamba wenye dhahabu. Tulizoea kusikia nyundo zao, na baada ya Bwana Vilima kuondoka nikawa nazisikia kama zinagonga upande wetu wa uzio. Nilidhani ni upepo unaozileta.

Mvua zilipokwisha, mpira ukianguka grini ya saba ulianza kujiendea wenyewe kwenye kona ya uzio. Wachezaji walitukana, wakacheka, wakarudi Jumamosi iliyofuata na wageni wao waje kuonja. Mchoraji yule, walisema, kaficha mtego ambao umechelewa kujitokeza. Baba alivimba kichwa. Angeweza kujaza mchanga ile kona, lakini nani angethubutu kusahihisha kazi ya mtaalamu? Kila asubuhi aliufuata mteremko kwa bomba lake, akiutunza vilevile ulivyo.

Mama, ambaye kaka zake walikuwa wachimbaji, alimpelekea chakula mchana mmoja tukiwa pamoja. Alipokanyaga ile kona alisimama, akakanyaga tena, akarudi nyuma.

"Baba Kulwa, hapa panaitika. Chini pako wazi."

"Hapo ndipo penye ufundi," baba alimjibu, kisha akanigeukia mimi, Kulwa wake. "Tazama, mayu, mama yangu."

Aliweka mpira katikati. Ukatulia kidogo, halafu ukaondoka polepole bila kuguswa na mtu. Nilipiga makofi. Mama hakupiga. Alinishika mkono, akaniondoa kwenye ule mchanga kabla sijala.

Bwana Vilima alirudi kuukagua uwanja. Baba alivaa shati la Jumapili. "Shikamoo mzee," alimwambia, na yule mzee, aliyekuwa ameshajifunza, akaitika marahaba. Baba akaweka mpira ili amwonyeshe. Mzee aliutazama ukienda. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya mchanga, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyuma yake mabwana wa klabu walianza kumpongeza, mmoja akisema hajaona mteremko wa hila kama ule popote duniani.

Mzee akainuka, akajifuta mikono. "Ndiyo," alisema. "Asanteni."

Hakula chakula alichoandaliwa. Gari lilimchukua siku ileile.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, tuta lilizama. Nilikuwa shuleni, tulisikia kishindo, tukadhani ni baruti za mgodini. Wachimbaji wa ng'ambo ndio waliomtoa baba chini ya kifusi, katikati ya matimba yaliyovunjika, yale magogo waliyokuwa wameyasimamisha wao wenyewe walipoufuata mwamba mpaka chini ya uzio. Walimlaza penye kivuli. Bomba lake halikuonekana. Mama alimfunga kidevu kwa khanga yake, na hakusema neno juu ya kuitika kwa ardhi, si siku ile wala baadaye.

Kwa miaka mingi nilimkumbuka Bwana Vilima kwa heshima: mtu mnyenyekevu, asiyependa kusifiwa, aliyeona haya hata kukaa mezani. Nilikuwa mtu mzima, nikimkanya mwanangu asidai kuwa amechora picha aliyoichora mwenzake, nilipoielewa ile "Asanteni" yake. Wachezaji wangeweza kukosea, na baba pia. Yeye ndiye aliyechora grini ile. Alijua aliiacha vipi. Alipewa sifa ya mteremko usio wake, akaipokea, akamwacha baba yangu amesimama juu yake.