Nilimkana Aliyenifunza Majina ya Maua

Kosa ni langu. Sikusukumwa na mtu wala shetani. Mume wangu anasema aibu ya nyumba haitangazwi. Na aseme!

Tangu utotoni nilifunzwa maua na Bi Mishi wa Majengo, aliyekuja kwetu Mji wa Kale kututungia vikuba, vishada vya maua vya kuvaa kifuani. Hakuwa na kitabu. "Funga mato, nusa, kisha tamka," ndivyo alivyonifunda. Nikikosea, ananinusisha tena hata ulimi unyooke. Hapo ndipo anieleze asili: jina la mkadi limetoka Arabuni, mlangilangi ulipitia Ngazija ndipo ukafika kwetu, na mkilua ni wetu wenyewe.

Wakati wa vita vikuu vya pili akaja bibi mmoja wa Kizungu, akikusanya majina ya mimea ayatie kitabuni. Nikamjibu yote, matamshi na asili. Alaa! Nilivyojiona siku hiyo!

Akauliza nani kanifunza. Mawifi zangu wamekaa pale, wananitazama. Na mamake Bi Mishi alikuwa mtumwa wa nyumba ya babu yangu. Nikajibu, "Nyanya yangu mzaa mama." Nyanya yangu! Hakujua hata kutofautisha mrehani na mchicha! Yule bibi wa Kizungu akaandika jina la nyanya, na langu juu yake.

Na Bi Mishi yupo pale pale mkekani, anatunga asmini. Akamaliza kikuba, akakiweka kwenye sahani, akajifunika buibui lake, akaenda zake.

Nilimfuata Majengo, nikamwangukia miguuni anisamehe, anifunze tena. Binti yangu yu karibu kuolewa, na maua mengi ya arusi sijamaliza kuyajua. Akanambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sijui kitu. Kamuulize nyanyako."

Nyanya yangu yuko kaburini! Nililia njia nzima, wallahi.

Mawifi wanasema nimejidhalilisha kwa mjakazi. Nyamazeni! Nilijidhalilisha siku ile niliyowaogopa nyinyi.

Enyi mliofunzwa na mtu mkaona haya kumtaja kwa ajili ya nasaba, mtajeni angali hai, tena mbele ya hao hao mnaowaogopa. Jina langu silitii hapa. Limeshaandikwa mahali lisipostahili. Andikeni hili: Bi Mishi wa Majengo.