Ndoo ya Mchanga

Jirani wa chumba cha pili hukusanya majiko ya zamani ya safari, yale madogo ya shaba yanayokunjwa miguu na kutiwa ndani ya kopo. Huyasugua kwa ndimu na majivu mpaka yang'ae, lakini hayaweki yawe pambo. Kila jioni huchagua moja akachemshia chai. Mama wa chumba cha kwanza humfuata kwa masikio: pampu ya jiko inakohoa, njiti inakwaruza kiberiti, kisha moto unavuma kama nyuki waliochokozwa. Kati ya moto ule na kitanda cha mwanawe kuna ukuta wa mbao tu.

"Mzee, hayo makongwe yatatuchoma."

"Kikongwe hakirukiruki, mwanangu," hujibu, huku akirudisha njiti iliyoungua ndani ya kiberiti, kama kawaida yake.

Jana kikongwe kiliruka. Mama alisikia kishindo, akatoka mbio, akamkuta mzee amekwisha kulifunika jiko kwa gunia lililolowa.

"Hata mchanga wa kuzimia moto huna?" alifoka.

Mzee akaonyesha kwa kidevu. Ndoo ya mchanga ilikuwa mlangoni kwa mama mwenyewe, pale alipoipita siku zote akidhani imesahauliwa na mafundi.

"Na kwako je?"

"Kwangu nipo mimi."

Leo pampu imekohoa tena. Mama ameshaweka ndoo ya pili mlangoni kwa mzee, naye amesimama palepale, anasikiliza. Sasa anawaogopea wawili.