Mishale ya Madam Manila

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari huko Turiani, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki na daftari lililochakaa la mwalimu aliyehama. "Madam, notisi zote za Baiolojia zimo humu," aliniambia. "Mpe kiranja aandike ubaoni, wenzake wanakili. Wewe maliza mada, mengine Mungu atasaidia." Nilikuwa mgeni, nikaitikia, "Sawa, mzee."

Ndivyo kazi ilivyokwenda. Kiranja anaandika, darasa linanakili, mwalimu yuko ofisini na rundo la madaftari ya kusahihisha. Notisi zilikuwa za Kiingereza, kama sekondari zetu zilivyo hadi leo, na watoto walikuwa wametoka shule ya msingi na Kiswahili chao. Walichoweza ni kukariri. Sasa, pembeni ya ukurasa mmoja yule mwalimu aliyehama alikuwa amejiandikia, "Ijumaa kufuata mchele." Kiranja akaiandika ubaoni, darasa likanakili, na kwenye jaribio mwanafunzi mmoja akaitaja miongoni mwa kazi za jani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilipotulia nikaona haichekeshi hata kidogo, maana yule mtoto alikuwa amesoma kwa bidii kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoanza kuchora. Nyie walimu wa leo mnapiga picha notisi, simu inawachorea ramani kabla hamjamaliza kupiga chafya, kwa hiyo ngoja niwaeleze tulivyofanya kwa mkono. Ramani ya dhana inaanza na jambo kuu katikati, tuseme namna jani linavyotengeneza chakula. Kulizunguka unaweka visanduku: jua, maji, hewa ya ukaa, wanga, oksijeni. Kisha unaviunganisha kwa mishale. Kurasa tano za notisi zinakaa kwenye uso mmoja, na mtu anaona nini kinatoka wapi na kinakwenda wapi.

Nilihamishiwa Kingolwira, na huko nikakutana na mkuu wa shule aliyependa mambo yaonekane. "Wakaguzi wakija nataka wakute ukuta unaongea," alikuwa akisema, na karatasi za manila hakuninyima hata siku moja. Nikajipinda. Jua kwa kalamu nene ya makapeni nyekundu, maji kwa bluu, jani kwa kijani, mistari yote kwa rula. Wakaguzi walisimama mbele ya ramani zangu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wanafunzi wakaniita Madam Manila, nami nikajifanya sipendi. Uongo mtupu. Nililipenda jina hilo kuliko nililobatizwa nalo.

Nilipofika Mlali, kituo changu cha mwisho, nilikuwa na bunda la ramani zilizoviringishwa kama mikeka. Mkuu wa shule huko alikuwa mama mpole, mwalimu wa Kiswahili, asiyepandisha sauti. Na huko ndiko nilikomkuta Method.

Method alikuwa Kidato cha Nne, kijana wa huko juu mlimani, kwao wanalima kabichi na karoti. Alitaka kuwa bwana shamba. Chuo cha kilimo alichokitamani kilihitaji afaulu Baiolojia, basi alining'ang'ania mimi na ramani zangu. Hakuna aliyezinakili kama yeye. Mkono wangu ukiteleza mshale ukapinda, na wake unapinda palepale. Nililiinua daftari lake mbele ya darasa nikasema, "Hivi ndivyo mtu anavyosoma." Maneno hayo nayakumbuka sana.

Ukaja mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Swali moja liliuliza: mmea umefungiwa wiki nzima kwenye stoo yenye giza, eleza kitakachoupata na kwa nini. Karibu darasa zima walinichorea ramani yangu. Ramani kamili, safi, na stoo haikutajwa popote. Nikabeba karatasi mpaka ofisini kwa mkuu, nimefura.

"Watoto hawa hawafikirii," nilimwambia.

Aliiangalia ramani mojawapo, akaweka kidole kwenye mshale uliotoka kwenye jua kwenda kwenye jani. "Mimi Baiolojia siijui, mama. Hebu nisaidie. Huu mshale unasema nini?"

"Unasema mwanga wa jua unalipatia jani nguvu ya kutengenezea chakula."

"Umeandika wapi hayo?"

"Yako kichwani."

"Kichwani kwa nani, madam?"

Niliumia, sitawaficha, na siku mbili nzima nilimsalimia huyo mama kwa mkato. Siku ya tatu nilibandua ramani zote ukutani. Nikawapa wanafunzi karatasi tupu na sheria moja: kila mshale ubebe kitendo. Huleta, huhitaji, hugeuka kuwa, huzuia. Anayeshindwa kwa Kiingereza aanze kwa Kiswahili, akikwama aseme Kiluguru, tutavuka naye polepole. Basi ramani zao zilikuwa mbaya, kama kuku amepita na miguu yenye tope. Lakini walibishana. "Maji hayatengenezi chakula peke yake, wewe!" "Sasa mshale wako unakwenda wapi?" Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kusikia darasa likigombania jani.

Method hakuwemo. Siku moja baada ya moko, kabla sijarudisha karatasi, mama yake aliugua, naye Method akapanda mlimani kumuuguza na kuangalia shamba. Alirudi wiki ya mtihani wenyewe, amekonda, daftari lake kalifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe.

"Shikamoo, madam. Nimepitwa na mengi. Nisome nini?"

Nilikuwa na viti vya kuhesabu kwa ajili ya mtihani na orodha za namba za watahiniwa mkononi. Nilijua kabisa lile daftari lina kasoro gani. Ilitosha nikae naye nusu saa tu. Nikamwambia, "Soma ramani zako, Method. Ziko safi."

Wenzake wengi walifaulu. Yeye Baiolojia ilimwangusha. Sikumwona tena, na mimi nikaendelea na kazi mpaka siku yangu ya kustaafu, nikaagwa kwa khanga na keki na hotuba ndefu kuhusu ramani zangu za manila. Nilikaa pale nimeinama, watu wakadhani nalia kwa furaha.

Mwaka huu nilikwenda gulioni Mlali kununua mboga. Nyuma ya matenga ya kabichi mwanamume mmoja akasimama haraka. "Shikamoo, Madam Manila."

"Marahaba. Ni Method?"

"Ndiye." Ana watoto wawili sasa. Tukaulizana habari, halafu akasema, kwa fahari kabisa, "Ramani yako ya jani bado ninayo kichwani." Akachukua kijiti akaichora vumbini. Jua, maji, hewa, wanga. Hata ule mshale uliopinda aliupinda. "Kwenye mtihani waliuliza mambo ya mimea kivulini. Niliichora yote hivihivi. Sijui walitaka nini zaidi."

Nikamwonyesha ule mshale wa jua. "Huu unasema nini, Method?"

Akautazama. "Hapo hukuandika kitu, madam."

Hakusema kwa ubaya. Nikauliza jingine. "Kabichi zako, mbona hujazipanda chini ya migomba? Kule pana unyevu."

Akacheka. "Madam nawe! Zikikosa jua zitapata wapi chakula? Zinadumaa, hazifungi vichwa. Hata mwanangu mdogo anajua."

"Ndilo walilouliza," nikamwambia.

Kicheko kikamwisha. Aliitazama ile ramani vumbini, kisha matenga yake, kisha mimi. "Kumbe nilikuwa najua," akasema taratibu.

"Ulikuwa unajua. Mimi ndiye niliyekwambia usome picha. Nisamehe, baba."

Mteja alikuja, akamhudumia, akarudi, akachuchumaa. Kwa kijiti kilekile akaandika juu ya mshale wa jua, herufi kubwa za mkono uliokaa muda mrefu bila kuandika: HULIPATIA JANI NGUVU. Akanitazama kama anayesubiri alama ya vema.

Amejiandikisha kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anashuka kwangu kila Jumamosi akishauza mzigo. Juzi aliniuliza kama nimebakiza ramani yoyote ya zamani aipitie. Ninazo, ziko juu ya kabati. Nikampa karatasi tupu.