Neno Nililomfundisha Mjukuu

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Ramadhani, nilikuwa uani kwangu Bagamoyo nikimsuka mjukuu wangu. Mkwe wangu, mama wa mkamwana wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kiwangwa. Nilimwambia apumzike, yeye ni mgeni, lakini hakukubali kukaa bure; alivuta kibao, akawa anamenya muhogo aliotuletea.

Mtoto hakutulia. Nikishika nywele, anageuka, nikimkanya, anacheka. Nikampiga kofi la begani.

"Mshenzi wee! Hufundishiki!"

"Bibi, mshenzi ndiyo nini?"

Hapo ningesema "mtoto asiyesikia," yakaisha. Lakini mimi napenda kuulizwa maneno. Nikamweleza kama bibi yangu alivyonieleza: kwamba zamani halikuwa tusi la mtoto mtukutu. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, waliokuja mjini na mizigo kichwani, wakaonekana hawajui dini wala adabu, na hata ukiwafundisha hawashiki.

"Kiwangwa ni bara?"

"Bara kidogo," nikasema, mkono bado uko kwenye nywele.

"Basi bibi wa Kiwangwa ni mshenzi?"

Kisu cha mkwe wangu kilisimama. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Mtoto huyu!" nikasema, kana kwamba kosa ni lake.

"Mwache aulize, mkwe," akajibu taratibu. Akamaliza muhogo wote, akauosha, akaubandika jikoni. Alikuwa alale kwetu siku mbili. Alasiri akaaga, akasema amekumbuka kuku wake hawana mtu.

Nilikaa na aibu ile mwezi mzima wa mfungo. Funga yangu niliiona kama njaa tu. Baada ya Idi nikamwomba mkamwana wangu anipeleke kwao.

Mkwe alinipokea kwa mikono miwili, akanitandikia mkeka mpya, akanipakulia samaki wa nazi.

"Mkwe," nikaanza, "lile neno la siku ile..."

"Neno lipi? Kula, chakula kinapoa."

Nikala. Sikuweza kuanza tena.

Tuliporudi nilimuuliza mkamwana wangu kama mama yake bado ana kinyongo.

"Hana, mama," akasema. "Ila ameniambia mtoto akifunga shule nimpeleke kwake. Anataka mtoto akae naye, amjue bibi yake ni mtu gani."

Nikasema ni jambo jema. Lakini uso wangu niliugeuzia dirishani.