Mama na Kitenzi "Bear"

Kila nikipita karibu na kiwanda cha kahawa na kunusa maganda mabichi yakichacha, namwona mama akipanda mlima na gunia mgongoni, kamba ikimbana kwenye paji la uso, tumbo la ujauzito limetangulia.

Siku moja mwalimu wa Kiingereza alituambia tutunge sentensi kwa kitenzi "bear". Nikasimama na kusema, "My mother bears coffee."

Darasa zima likaangua kicheko. "Mamako amezaa kahawa!"

Machozi yalinijaa, lakini sikuketi. "Mwalimu, mama huibeba. Mimi humwona."

Mwalimu akawanyamazisha. "Yuko sawa. Zamani sana neno hili lilimaanisha kubeba tu. Kwa kuwa mama hubeba mimba, likawa pia kuzaa. Na kwa mtu anayebeba uzito bila kuutupa, likawa kuvumilia."

Jioni nilimsimulia mama kwa Kimeru. Akatua gunia, akacheka hadi akashika kiuno.

"Waambie mimi nafanya yote matatu," akasema.

Kesho yake nilifika shuleni mapema, nikasimama mbele ya wenzangu bila kuitwa, nikawaambia.