Meya Aliyeshindwa Kubana Mkojo

Beryl Tranter hakuwa mtu wa kukaa. Pale Tipton, mji wa viwanda wa Uingereza, kwenye safu ya nyumba zilizoshikana kando ya mfereji, ukimkuta Beryl ameketi basi ujue kuna msiba. Mama yake alikuwa akifua minyororo ya chuma kwenye kibanda nyuma ya nyumba, mimba tumboni na nyundo mkononi, na alikufa bila kujua mto wa kiti unafanana vipi. Beryl mwenyewe alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha sufuria, akalea mabinti wawili hadi wakaolewa, na kila asubuhi alipiga magoti kukisugua kizingiti cha mlango wa mbele ambao hakuna aliyeupita. Chai yake aliinywa amesimama kwenye sinki, mkono mmoja kikombe, mkono mwingine kitambaa.

Mumewe, Wilf, alikuwa kinyume chake, hasa baada ya kustaafu. Miaka arobaini na minne alisimama mbele ya nyundo ya mvuke kwenye kiwanda cha chuma, ikamwachia mabega ya fahali na masikio mabovu. Siku ya mwisho kazini walimpa saa ya mezani. Akaiweka juu ya meko, akaketi mbele yake, na hapo akabaki mwaka mzima na miezi miwili. Ukimsemesha alijibu "ndiyo" au "hapana", na siku akichangamka sana, "labda". Beryl alianza kuogopa. Aliwahi kuona wanaume wa kiwandani wakimalizika hivyo hivyo, mmoja mmoja, bila ugonjwa wenye jina.

Daktari alisema, "Mtafutie kitu cha kumtoa kwenye hicho kiti, Bi Tranter. Kitu chochote."

Basi Beryl, ambaye hakuvumilia hata unywele kwenye zulia, alikwenda kwa Bwana Yardley, mfugaji wa mbwa, akarudi na buldogi wa wiki tisa ndani ya kikapu cha sokoni. Alikuwa na kifua mbele, miguu ya upinde na mashavu yanayoning'inia. Wilf akamtazama kwa muda mrefu.

"Meya," akasema.

"Meya nani?"

"Huyo. Mtazame anavyotembea. Bado mkufu wa umeya tu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu Krismasi. Jina likashika.

Watu husema buldogi ni mkaidi na kichwa chake ni mfupa mtupu. Uongo. Meya alijifunza kukaa kwa siku nne, akajifunza kuja akiitwa, akaacha kutafuna ndara. Wilf naye alianza kuvaa viatu asubuhi na kumtembeza hadi darajani, akisimama kila alipochoka, maana buldogi hachelewi kukosa pumzi. Beryl aliwachungulia dirishani na moyo ukamfunguka.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilitapakaa nyumba nzima. Meya alikojoa. Beryl alifuata kila alichoambiwa: magazeti sakafuni, uani baada ya kula, uani baada ya kulala, sifa na kipande cha jibini akifanya vizuri. Bakuli la maji aliliondoa mapema jioni. Meya alikwenda uani, akakojoa kwa adabu, akarudi ndani, na nusu saa haijapita akawa amefungulia bomba tena.

"Msugue pua kwenye huo huo mkojo, mwenzangu," alisema Nance Pargeter, jirani wa ukuta mmoja, akiwa ameegemea uzio. "Ndivyo baba yangu alivyofanya. Mara moja tu, kwisha."

"Baba yako alitufanyia hata sisi watoto wa mtaa, na bado tulikojoa ukutani kwenu."

Lakini siku moja, akiwa amepiga deki mara tano, Beryl alimfanyia hivyo. Mtoto yule wa mbwa hakulia. Alimtazama tu, pua imelowa, akatikisa kile kimkia chake kana kwamba kosa lilikuwa lake la kutoelewa. Beryl alimfuta, akajichukia siku nzima. Meya akakojoa chini ya meza.

Kisha likaja la chumba cha mbele. Chumba hicho kilifunguliwa kasisi akitembelea, jeneza likiwekwa wakati wa msiba, na siku ya Krismasi, basi. Hata Wilf alikuwa haingii na viatu. Jumatatu moja mlango uliachwa wazi, na Meya akaenda kujisaidia katikati ya zulia lililonunuliwa kwa akiba ya miaka sita. Beryl alisimama pale na ndoo yake, akalia kwa hasira. Halafu akaenda kwenye simu ya umma ya kona ya mtaa, akampigia Bwana Yardley aje amchukue Jumamosi.

"Nimeshindwa, mzee," alimwambia Wilf, akipaza sauti. "Nimejaribu kila kitu. Anarudi kwa Bwana Yardley Jumamosi."

Wilf aliitazama saa yake juu ya meko. "Ndiyo," akasema.

Neno hilo moja lilimkosesha Beryl usingizi siku tatu. Zulia litakauka, alijiambia. Je, mume? Lakini angefanya nini tena?

Alhamisi alikwenda buchani, akakuta pamefungwa. Alhamisi maduka yote hufungwa saa sita, na tangu azaliwe alikuwa hajawahi kusahau; ndivyo akili yake ilivyokuwa imevurugika. Akarudi mapema kuliko ilivyozoeleka, akaingia kwa mlango wa nyuma, na Wilf hakumsikia.

Mumewe alikuwa ameketi mezani jikoni, birika la chai mbele yake. Meya alikuwa juu ya kiti cha pili, kifua mbele. Na Wilf alikuwa akizungumza. Si "ndiyo", si "labda". Alikuwa akizungumza kama zamani za uchumba wao.

"...basi Joby akaniambia, Wilf, ukikosea hapo kofia yangu itabaki bila kichwa! Miaka thelathini alisimama upande wa pili wa nyundo, yule. Kopo moja la chai, yeye nusu, mimi nusu. Wiki mbili tu baada ya kustaafu, akatutoka." Akainua birika. "Ongeza kidogo, bwana mkubwa. Sukari vijiko viwili, kama yeye."

Akamimina kwenye kisahani, akatia maziwa, akakoroga. Meya akanywa yote.

Beryl aligonga meza ili asikike. "Wilf! Unampa mbwa chai?"

Wilf alishtuka kama mwizi. "Kidogo tu."

"Mara ngapi?"

"Kila ninapokunywa mwenyewe."

"Wewe unakunywa vikombe kumi kwa siku!"

"Sasa ningefanyaje?" Wilf alikuwa amekasirika kikweli. "Mtu anywe chai na mwenzake anamtazama tu? Sikulelewa hivyo."

Beryl alifungua mdomo kumkaripia, kikatoka kicheko. Wiki sita za deki! Magazeti, jibini, pua ya mtoto wa watu! Alicheka hadi akashika ukingo wa sinki. Kisha akakinyanyua kisahani kukiosha, na Wilf akaufuata mkono wake kwa macho.

"Usimpe tena, umesikia? Hata tone."

"Sawa." Sauti ilikuwa imerudi ndogo. "Nitakunywa na nani, basi?"

Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililomuuma Beryl. Alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, hatua nne kutoka mezani, miaka yote, mgongo ukiwa umemwelekea mumewe. Akakitazama kitambaa mkononi. Akakitundika.

Jumamosi saa nne Bwana Yardley aligonga mlango wa nyuma, kikapu mkononi. Meya alikuwa amelala chini ya meza, hajakojoa ndani tangu Ijumaa asubuhi. Beryl, aliyeketi mezani na Wilf, hakuinuka.

"Wilf," akasema, "mwambie Bwana Yardley atusamehe kwa usumbufu. Mimi ninakunywa chai."