Mchanga wa Kupokea Wageni

Mjukuu wangu alikuwa na maneno kumi na moja. Nayajua kwa sababu nilimtajia mamake kwenye simu, moja baada ya jingine, naye akacheka kule Saudia anakofanya kazi mpaka mwenye nyumba akamgombeza. Alikuwa na "nyanya", alikuwa na "maji", "kuku", "hapana", na hilo hapana alikuwa nalo tele, na mengine ya kitoto ambayo sisi wa nyumbani tu ndio tuliyaelewa. Umri wake mwaka mmoja na miezi minane. Mamake, binti yangu wa pekee, aliniachia mtoto akiwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Akaniambia, mama, nitunzie. Nikamwambia aende zake na roho safi, mimi si mtu wa kuharibu cha mwenyewe.

Twakaa Miritini, upande wa juu wa barabara, nyuma ya mahali malori yanapopumzika. Kwenye kiwanja kilichopakana na chetu kulikuwa na vijana waliovunja betri kuukuu za malori, wakayeyusha risasi yake, yale madini mazito ya kijivu, kwenye masufuria na kutengenezea chubwi za wavuvi za kuzamishia mishipi. Walikaa miaka mingi, kisha wakaondoka. Moshi wao tuliuzoea, na walipoondoka tukausahau. Halafu, miaka baadaye, mtoto wa nyumba ya tatu akaanza kushikwa na degedege, akapelekwa hospitali, damu ikapimwa, ikakutwa na risasi. Chifu akaita baraza. Tukaambiwa watakuja watu wa chuo kikuu na roboti, mashine inayotembea yenyewe bila kushikwa na mtu, ipite uwanja baada ya uwanja ikipima udongo. Nyumba itakayokutwa na sumu, watoto wake watapimwa damu na kutibiwa bure. Vifaa vya kupimia damu vilikuwa vichache, kwa hiyo mashine ndiyo ingesema nani apimwe na nani angoje.

Wenzangu waliuliza maswali ya maana pale barazani. Mimi nilichosikia ni kwamba Alhamisi wageni wanaingia uwanjani kwangu.

Mnisikilize, maana hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia. Kwetu mgeni hapokewi kwenye uwanja mchafu. Ikija harusi, yakija matanga, akija askofu, watu hufagia, kisha hutandika mchanga mweupe ili mgeni akanyage mahali pasafi. Hakuna anayekufundisha. Unaona mamako akifanya, nawe wafanya. Na mimi, sijisifu, nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na uwanja wangu ulijulikana. Ufagio wa chelewa mkononi kila alfajiri, jua lisinikute. Ubavuni kwangu alikuwa anakaa mwanamke aliyetoka bara kumfuata mumewe dereva wa lori, na ana watoto watatu, na uwanja wake, jamani, maganda ya viazi leo, makopo kesho, bata wanajitawala. Nilikuwa nikimwangalia nikishangaa mtu analalaje.

Basi Jumatano alasiri nilikwenda kwa mchungaji. Kanisa lilikuwa linajengwa na mchanga wa pwani umerundikwa pale, mweupe, mzuri. Nikaomba kidogo, akanipa. Mimi na akina mama wawili tukausomba kwa mkokoteni, tukautandika uwanja mzima, unene wa vidole vinne, mbele hadi nyuma, kisha tukauchora kwa ufagio mistari iliyonyooka. Mjukuu wangu akakaa katikati akajimwagia kichwani. Nilimnyanyua nikamchapa kidogo mkononi kwa kuniharibia mistari.

Walikuja wanne, wakiongozwa na msichana mwembamba wa kutoka bara, kofia kichwani, aliyenipa shikamoo kabla sijamwangalia vizuri. Hapo hapo nikampenda. Roboti yenyewe ilikuwa na kimo cha mbuzi mchanga, magurudumu sita, na mkono mmoja umekunjwa kifuani. Waliiweka langoni wakarudi nyuma, nayo ikaondoka peke yake. Inakwenda, inasimama, inashusha mkono mpaka uguse ardhi, inatulia kama mpishi anayeonja mchuzi, kisha inasogea. Kuku wangu walipokatiza mbele yake iliwangoja wapite. Nikasema moyoni, ala, hata adabu inayo.

Kwa jirani ilikuwa imesimama kila hatua. Kila ikisimama msichana anachomeka kibendera chekundu, mpaka vikamwishia mkononi akatuma aletewe vingine. Kwangu ilizunguka uwanja mzima, hadi chini ya kamba ya nguo, haikupata kitu. Msichana akanichomekea kibendera kimoja cha kijani karibu na mlango, akasema, "Hongera mama, hapa kwako ni salama." Akausifu mchanga wangu. Kwao hawatandiki mchanga, na yeye alidhani huku pwani ndivyo ardhi ilivyo. Nami sikuona la kueleza. Nani humwambia mgeni kwamba amemtandikia?

Jirani alikuwa amesimama kwenye ua, mtoto wake wa mwisho kiunoni, anaangalia bendera zake nyekundu. Nikamwambia, "Mwenzangu, ufagio hauuzwi ghali." Nilisema kwa sauti ya kusikika, na wapo waliocheka.

Wanawe watatu walipimwa wiki ile ile. Wote walikuwa na risasi. Wakapewa dawa, wakahamishiwa kwa shangazi yao Changamwe, vibarua wakaja kuutoa udongo wa juu pale kwao na kumwaga mwingine uliotoka mbali. Nilisikia huruma, siwezi kusema sikusikia, lakini ilikuwa ile huruma ya mtu aliyekaa kivulini. Jioni nikampigia binti yangu nikamwambia kwetu kumekutwa safi. Akasema, "Nilijua tu, mama. Kwako wewe?"

Masika ikaingia. Mvua ikausomba mchanga ukaishia mtaroni, ardhi yetu nyeusi ikajitokeza. Mimi nikaendelea na kazi yangu ya kila alfajiri, vumbi likipanda siku za jua, na mtoto nyuma yangu na kijifagio chake nilichomfungia mwenyewe.

Alianza kwa kukataa chakula. Kisha akawa anashika tumbo na kulia. Nikampa dawa ya minyoo. Akina mama wakaja wakamwekea mikono, tukaomba. Nilimfokea pia, nasema kweli, kwa sababu nilidhani ni deko la mtoto aliyelelewa na nyanya. Halafu maneno yakaanza kupungua. Sikuiona siku lilipoondoka la kwanza. Nilistuka tu siku moja kwamba sijalisikia "kuku" tangu Jumapili, na kuku wako pale pale miguuni pake. Likafuata jingine, na jingine. "Hapana" lilikaa mpaka mwisho, kisha nalo likaenda, akawa ananisukuma mkono bila sauti.

Mamake akipiga simu ananiuliza mbona hasemi, nami namwambia anaona haya, simu imemtisha, amesinzia. Nilimdanganya mwanangu wiki baada ya wiki, na kila uongo ulinitoka laini.

Jirani ndiye aliyenijia. Alisimama langoni, hakuingia, akasema wanawe walianza hivyo hivyo, akanisihi nimpeleke mtoto apimwe. Nikamjibu kwamba mashine haina upendeleo. Imeuona uwanja wake na imeuona wangu, na kila mtu ameonyeshwa chake. Akaniangalia kidogo, akajiendea.

Watu wa chuo walirudi baada ya miezi saba kukagua tena. Safari hii hapakuwa na baraza wala tangazo, kwa hiyo sikujiandaa. Nilikuwa naosha vyombo nilipoiona ile mashine langoni. Ikaingia. Ikasimama. Ikasogea hatua mbili, ikasimama tena. Nilidhani imeharibika. Msichana akaangalia kioo alichoshika, akarudi kwenye vipimo vya siku ile ya kwanza, akatazama chini pale aliposimama, ardhi nyeusi. Nikamwona akikunja uso.

"Mama," akaniambia, "ule mchanga wa siku ile ulitoka wapi?"

"Wa kanisa," nikasema. "Niliwatandikia nyinyi."

Alichutama pale pale, mikono kichwani. Baadaye akanieleza taratibu kwamba chombo kile huona juu juu tu, hakifiki hata unene wa kidole. Siku ile kilipima mchanga wa kanisa kikasema kweli kuhusu mchanga wa kanisa. Akasema kosa ni lake, ilimpasa aulize. Nikamwambia anyamaze. Sikutaka mtu anipunguzie. Alikuwa mgeni, hakujua. Mimi niliyejua nilichomwaga na kilicho chini yake ndiye niliyenyamaza, tena kwa furaha.

Siku ya kwenda hospitali sikujua pa kuanzia. Jirani akambeba mtoto mgongoni mpaka kituoni, akatusindikiza, akajua dirisha la kuanzia na mlango wa kungojea, maana alishapita huko kote. Ningependa anirudishie yale maneno yangu ya ufagio. Nilimngoja njia nzima anirudishie, ningepata pa kulilia. Hakunirudishia. Alininunulia chai akaniambia ninywe.

Damu ya mtoto ilikutwa na risasi nyingi kuliko ya wanawe wote watatu. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema dawa itaitoa kwenye damu, na imeitoa kweli, nyingi. Lakini kilichokwisha kuguswa kichwani hawezi kuahidi kwamba kitarudi. Akauliza kama mtoto huwa karibu ninapofagia. Akauliza ni tangu lini. Angepatikana mapema, alisema, kisha akaona uso wangu akaiacha sentensi hapo.

Wana wa jirani wamerudi, wa kati anasoma kwa sauti barazani kwao kila jioni. Namsikia. Sijawahi kuchukia sauti ya mtoto maishani, lakini kuna jioni naingia ndani nafunga dirisha. Kisha naona aibu, nalifungua.

Binti yangu nilimwambia siku ya Ijumaa, siku ambayo hupewa nafasi ya kupumzika. Nilimwambia yote, sikuruka: mchanga, mkokoteni, kile kibendera, jirani langoni, uongo wangu wa simu. Nilikaa chini sakafuni kwanza ndipo nikaanza. Nilipomaliza nikajua anatafuta neno la kunikata nalo, nikalingoja kwa sababu lilikuwa haki yangu. Wakati huo mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu, mdomo wazi kidogo.

"Mama," akasema, "wale vijana wa betri walikuja nikiwa na umri gani?"

Sikuelewa anachouliza. Nikamjibu tu, kama mtu anayejibu habari za zamani, kwamba alikuwa bado anatambaa, na waliondoka yeye yuko darasa la tano.

"Mimi nami nilikulia uwanja huo."

Hakuwa na ukali. Nami nikamwona, mwanangu, meza ya kulia chakula, kitabu mbele yake, herufi zinamkataa, na mimi nimesimama juu yake na mwiko. Kila jioni, mpaka darasa la sita. Nilimwita mzito. Nilimwita mvivu, nikamwita kichwa maji, mbele ya wageni, nikamwambia atakuja kuosha vyombo vya watu. Walimu waliponiita shuleni nilimpiga njiani tukirudi. Alipomaliza bila alama za kwenda popote nilisema nimefanya yangu, na siku alipopata kazi ya ndani Saudia nilishukuru Mungu kanisani kwa sauti.

Hakuna mashine ya kupima hilo leo, nami siwezi kujua, wala yeye hawezi. Nilisikia mwenye nyumba akimwita kwa nyuma, na yeye akijibu kwamba anakuja. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia ale vizuri.

"Nakula, mama," akasema, akaenda kufanya kazi za watu.